Polisi Wakibisha Hodi: Namna ya Kukabili Upekuzi, Kutoka Mlangoni Hadi Kortini

Nyuma ya mlango wetu kuna daftari dogo limening'inizwa kwa uzi, na kalamu imefungwa kando yake. Wageni hudhani ni la deni la maziwa. Nililiweka pale baada ya alfajiri moja, miaka kadhaa iliyopita, maafisa walipoingia katika ploti tunayoishi hapa Mombasa wakitafuta televisheni iliyoibwa mtaa wa pili. Walipita chumba kwa chumba. Kwetu walimwaga ndoo ya unga sakafuni, wakapasua godoro upande wa ukutani, wakaondoka na laptopu ya ndugu yangu na simu mbili. Hatukuonyeshwa karatasi, na hatukuachiwa yoyote.

Kesi ilipofika kortini, wakili alituuliza maswali mepesi. Waliingia saa ngapi? Walikuwa wangapi? Nani aliishika laptopu kwanza? Mlitia saini wapi? Tulikuwa watu watano ndani ya nyumba ile, na kila mmoja alikuwa na jibu lake. Maelezo ya askari yalikuwa yameandikwa, yetu yalikuwa vichwani. Tangu hapo nimejitolea kuwasindikiza majirani vituoni na mahakamani, na nimeyaona yale yale yakijirudia: watu wana haki kubwa kwenye Katiba, lakini haki hiyo hufika mbele ya hakimu ikibebwa na vitu vidogo, kama saa, jina, nambari ya kazi na karatasi. Asiyevikusanya siku ya upekuzi huvitafuta kwa shida baadaye.

Haya ninayoyaandika ni ya Kenya, chini ya Katiba ya 2010.

Kabla ya yote, ijue sheria unayoisimamia

Ibara ya 31 ya Katiba inampa kila mtu haki ya faragha. Imetaja wazi kwamba haki hiyo inajumuisha kutopekuliwa mwili wako, nyumba yako au mali yako, kutonyang'anywa vitu vyako, kutolazimishwa bila sababu kutoa habari za familia au mambo yako ya binafsi, na mawasiliano yako kutoingiliwa. Haki hii inaweza kuwekewa mipaka, lakini kwa sheria tu, tena sheria yenye sababu ya maana. Ndiyo maana polisi huhitaji waranti ya upekuzi.

Ya pili ni Ibara ya 50(4). Inasema ushahidi uliopatikana kwa njia inayovunja haki yoyote iliyo kwenye Sheria ya Haki, yaani sura ya Katiba inayoorodhesha haki za msingi, utakataliwa, ikiwa kuupokea kutaifanya kesi isiwe ya haki au kutaharibu utendaji wa haki kwa namna nyingine. Isome mara mbili. Hapa kuna ngazi mbili za kupanda. Kwanza uonyeshe kwamba haki yako ilivunjwa. Kisha uonyeshe kwamba kuupokea ushahidi huo kutaidhuru kesi au kuitia doa mahakama. Wengi huishia ngazi ya kwanza, wakidhani mtu akipekuliwa bila waranti kesi imekwisha. Sivyo. Nimemwona mtu akifurahi kwamba hapakuwa na waranti, halafu bunduki iliyopatikana chini ya kitanda chake ikapokewa kama kielelezo kwa sababu hakuna aliyemweleza hakimu madhara yake ni nini.

Ili ujue thamani ya ibara hiyo, mkumbuke Kuruma wa Kaniu. Wakati wa Hali ya Hatari, ile iliyotangazwa na serikali ya kikoloni enzi za Mau Mau, alikuwa akiendesha baiskeli akafika kwenye kizuizi cha polisi. Waliompekua walidai kwamba mfukoni mwa kaptula yake kulikuwa na risasi mbili na kisu kidogo. Kanuni za Hali ya Hatari zenyewe zilitaka upekuzi wa namna ile ufanywe na ofisa mwenye cheo cha kuanzia inspekta msaidizi, na waliompekua hawakuwa na cheo hicho. Kisu hakikuletwa kortini. Wazee washauri wa mahakama wote walisema hana hatia. Bado alihukumiwa kifo. Rufaa ikaenda mpaka Baraza la Faragha la Malkia mjini London, mahakama ya mwisho ya rufaa kwa makoloni, na mwezi Desemba 1954 ikatupwa: kilichotazamwa ni kama ushahidi unahusiana na shauri, wala si namna ulivyopatikana. Uamuzi huo uliozaliwa kwenye barabara ya Kenya ulinukuliwa miaka mingi katika mahakama za nchi nyingi zilizotawaliwa na Mwingereza. Ninaposoma Ibara ya 50(4) huwa namwona yeye akishuka kwenye baiskeli.

Hatua ya kwanza: mlangoni

Usikimbie, usifunge mlango kwa nguvu, usitukane. Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, kifungu cha 120, inamtaka mwenye nyumba awaruhusu maafisa wenye waranti waingie, na akikataa wana ruhusa ya kuvunja. Ukipigana mlangoni utapata kesi ya pili, na hiyo ya pili huwa rahisi kuithibitisha kuliko ya kwanza.

Uliza kwa sauti ya kawaida: "Afande, naomba kuona kitambulisho chako cha kazi, na waranti." Kwa waliovaa kiraia swali hili ni la lazima, wezi nao hujiita polisi. Waombe uandike jina na nambari ya kazi ya anayeongoza. Akikataa kutoa jina, andika hivyo: "amekataa kutoa jina, mrefu, koti la kijani." Andika nambari ya gari. Andika saa.

Hatua ya pili: soma waranti kabla ya kupisha

Waranti ni amri ya mahakama. Chini ya kifungu cha 118, hakimu huitoa baada ya kuthibitishiwa kwa kiapo kwamba kuna kitu kinachohusiana na kosa, na kwamba kinashukiwa kuwa mahali fulani. Kwa hiyo tazama mambo haya: imetoka mahakama gani, ina saini na muhuri, tarehe yake, inataja nyumba ipi, na inatafuta nini. Ikitaja "nyumba nambari 4" na wewe uko nambari 7, sema hapo hapo. Ikisema wanatafuta televisheni, basi kupekua bahasha za barua na pochi ni jambo la kuandika kwenye daftari, kwa sababu televisheni haiingii kwenye bahasha.

Tazama saa pia. Kifungu cha 119 kinasema waranti itekelezwe kati ya macheo na machweo, siku yoyote hata Jumapili, isipokuwa mahakama imeruhusu saa nyingine. Wakifika saa tisa za usiku, uliza kama waranti imeandikwa ruhusa hiyo. Kama haikuandikwa, hilo peke yake ni hoja.

Hatua ya tatu: kama hakuna waranti

Hapa ndipo watu wengi huteleza, maana si kila upekuzi bila waranti ni haramu. Mtu aliyekamatwa anaweza kupekuliwa mwilini. Gari linaweza kusimamishwa na kupekuliwa kwa shuku ya maana kwamba limebeba mali ya wizi. Polisi wanaomfukuza mtu wanayetaka kumkamata wanaweza kumfuata ndani ya nyumba aliyoingia.

Kisha kuna kifungu cha 60 cha Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011, ambacho ndicho wanachokitegemea mara nyingi hata wasipokitaja. Kinamruhusu mkuu wa kituo au ofisa mpelelezi kuingia bila waranti ikiwa ana sababu za maana za kuamini kwamba kitu kinachohitajika kwa upelelezi kimo mahali pale, na kwamba kungoja waranti kutauharibu upelelezi. Lakini kuna sharti ambalo ningependa kila mwananchi alikariri: kabla ya kuingia ni lazima aandike sababu za imani yake, na aeleze kadiri anavyojua kitu anachokitafuta. Pia abebe kitambulisho chake cha kazi na akuonyeshe ukimwomba. Akichukua kitu, aandike maelezo yake mara moja na akipeleke mbele ya hakimu bila kuchelewa.

Mlangoni hutaweza kumshinda mtu kwa kifungu. Utakachoweza ni kuweka msimamo wako wazi ili asije kudai ulimkaribisha. Maneno haya yanatosha: "Afande, mimi sijakubali nyumba ipekuliwe bila waranti. Lakini sitawazuia." Yaseme mbele ya jirani, kisha uyaandike. Tofauti ya kukubali na kutozuia huonekana ndogo pale mlangoni. Kortini ni kubwa sana, kwa sababu upande wa mashtaka ukisema uliridhia mwenyewe, hoja ya faragha hupungua nguvu. Na neno "haya, ingieni tu" linalotoka mdomoni kwa adabu zetu za kupokea wageni litasomwa kama ridhaa.

Hatua ya nne: wakati wa upekuzi

Omba awepo shahidi asiye askari. Jirani, mwenye ploti, mzee wa mtaa, au kiongozi wa Nyumba Kumi, mpango ambao Kenya iliuiga kutoka Tanzania na kuuanzisha 2013. Shahidi wa aina hii hukusaidia wewe, na humsaidia pia askari mwaminifu.

Omba wapekue chumba kimoja baada ya kingine, na wewe ukiwepo. Maafisa wanne wakitawanyika vyumba vinne, huwezi kuona nani ameingia na nini mkononi. Ukizuiwa sebuleni, andika: "Nilizuiwa sebuleni, saa kumi na mbili na robo, ofisa mmoja peke yake chumba cha nyuma kwa dakika kama kumi." Sentensi kama hiyo ina uzito kuliko kulia kwamba umewekewa kitu, kwa sababu shahidi wa mashtaka anaweza kuulizwa juu yake na akalazimika kujibu.

Mwanamke hupekuliwa na mwanamke mwenzake, kwa kuzingatia staha kikamilifu. Kifungu cha 27 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai kinasema hivyo bila kuzungukazunguka. Hakuna udharura wa kumfanya askari wa kiume atie mkono ndani ya buibui la mama wa mtu. Mama, dada, kama hakuna askari wa kike, sema unangoja aitwe.

Kuhusu mwili wenyewe, sheria yetu imepiga hatua kubwa hapa Pwani. Wanaume wawili waliokamatwa Ukunda, Kwale, mwaka 2015 walilazimishwa kufanyiwa uchunguzi wa sehemu za siri kwa madai kwamba ungeonyesha kosa. Walipopinga, Mahakama Kuu iliwakatalia. Mnamo Machi 2018 Mahakama ya Rufaa mjini Mombasa iliamua kwamba uchunguzi ule ulivunja haki zao, pamoja na utu wao, na kwamba kuutumia kama ushahidi kulivunja haki ya kesi ya haki. Mtu akikuambia Ibara ya 50 ni maneno ya vitabuni, mtajie hiyo.

Simu

Simu ni nyumba nyingine kabisa, na pengine ina siri nyingi kuliko kabati. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018, kifungu cha 48, inamwelekeza mpelelezi anayetaka data iliyohifadhiwa aombe waranti mahakamani. Kwa hiyo askari wa doria kukuambia "fungua tuone WhatsApp" ukiwa kando ya barabara si jambo la kulichukulia kawaida. Ukiweka nambari yako ya siri kwa hiari yako, umekubali. Unaweza kusema: "Simu hiyo hapo, lakini kuifungua ningojee wakili." Kama wanaichukua, andika aina yake, rangi, nambari ya IMEI (ile ya kuitambulisha simu yenyewe) ukiweza, na kwamba ilikuwa imefungwa ilipoondoka mkononi mwako.

Hatua ya tano: orodha ya vitu, na saini yako

Polisi huiita inventori. Ni karatasi inayotaja kila kilichochukuliwa, na mara nyingi wewe na shahidi mtatakiwa kuitia saini. Usitie saini karatasi tupu, hata ukiambiwa itajazwa kituoni. Usitie saini orodha ambayo hujaisoma. Palipobaki nafasi wazi chini ya kitu cha mwisho, piga mstari. Kama limeandikwa jambo usilolikubali, andika pembeni ya saini: "Kitu nambari 3 sikitambui kuwa changu, na sikuona kilipopatikana." Una haki ya kukataa kusaini, lakini kwa maoni yangu kusaini ukiwa umeandika pingamizi lako kuna faida zaidi, kwa sababu karatasi hiyo ya kwao wenyewe itabeba neno lako mpaka kwa hakimu.

Andika vitu kwa ukamilifu. "Laptopu moja" haitoshi. Andika jina la kampuni, rangi, nambari iliyo chini yake, kona iliyopasuka. Pesa zihesabiwe mbele yako, noti kwa noti. Omba nakala, na wakikunyima piga picha. Wakikataa picha, nakili kwa mkono kwenye daftari lako.

Hatua ya sita: ukikamatwa

Kwa ufupi, maana hili lina mwongozo wake. Ibara ya 49 inataka uelezwe sababu kwa lugha unayoielewa, una haki ya kunyamaza, ya kuwasiliana na wakili, na ya kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, au siku inayofuata ya mahakama ikiwa muda huo umeishia nje ya saa za kazi. Toa jina lako. Zaidi ya hapo: "Nitazungumza wakili wangu akiwepo." Ungamo halipokewi kwa kuwa umelitamka ndani ya gari la polisi. Sheria ya Ushahidi inataka litolewe mbele ya jaji, hakimu, au ofisa wa cheo kilichowekwa ambaye si mpelelezi wa kesi, akiwepo mtu wa tatu uliyemchagua mwenyewe.

Hatua ya saba: siku ile ile

Kabla ya kufagia, piga picha nyumba ilivyo: unga sakafuni, kufuli lililovunjwa, godoro. Kila aliyekuwepo aandike maelezo yake peke yake, bila kuambizana, kisha aweke tarehe na saini. Maelezo yanayofanana neno kwa neno hunuka kupangwa. Tofauti ndogondogo ni za kawaida na hakimu anazijua. Nenda kituoni ukaripoti uharibifu au mali iliyochukuliwa, na usiondoke bila nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo. Kama kuna aliyeumizwa, aende hospitali, na aombe kituoni fomu ya P3, ambayo daktari huijaza kueleza majeraha.

Hatua ya nane: kortini

Sasa ndipo daftari linapofanya kazi. Ukiisha kujibu mashtaka, omba nakala za maelezo ya mashahidi na hati zote ambazo upande wa mashtaka unakusudia kutumia. Ibara ya 50(2) inakupa haki ya kujulishwa mapema. Linganisha inventori ya kortini na picha yako. Niliwahi kuona orodha yenye vitu sita ikafika mahakamani ina saba, na wino wa kile cha saba ni wa rangi nyingine.

Pingamizi liweke wakati kielelezo kinapotaka kupokewa, wala usingoje mwisho wa kesi. Shahidi anaposema, "Mheshimiwa, naomba kutoa hiki kama kielelezo," hapo ndipo wewe au wakili wako husimama: "Mheshimiwa, tunapinga. Kimepatikana kwa kuvunja Ibara ya 31, na tunaomba kikataliwe chini ya Ibara ya 50(4)." Ukinyamaza kikapokewa, kulifufua jambo hilo kwenye rufaa ni kazi ngumu. Hakimu anaweza kuamua kusikiliza suala hilo peke yake kwanza, yaani kesi ndani ya kesi.

Kisha mwulize mpelelezi maswali mafupi, moja baada ya jingine, bila kubishana naye. Ulipata habari lini? Uliingia nyumbani lini? Mahakama iko umbali gani na kituo? Kwa nini hukwenda kwa hakimu? Uliandika sababu zako wapi kabla ya kuingia, na karatasi hiyo iko wapi leo? Nani alikiona kitu hiki kwanza, na nani alikuwa karibu naye? Kilihifadhiwa wapi kuanzia siku ile hadi leo, na nani ana ufunguo?

Swali la tarehe ndilo ninalolithamini zaidi. Kama habari ilipatikana Jumatatu na mlango ukagongwa Alhamisi, ule udharura wa kifungu cha 60 unatoka wapi? Siku tatu zilitosha kufika kwa hakimu na kurudi. Hapo unaiweka mahakama mahali pa kupima: je, hili lilikuwa kosa dogo la haraka, au ofisa aliamua tu kwamba Katiba haimhusu? Mweleze hakimu ngazi ya pili kwa maneno yako: kwamba ushahidi huu ndio kesi nzima, kwamba hukuwa na njia ya kuujibu kwa kuwa hukuruhusiwa kuona ulikopatikana, kwamba ukipokewa, sharti la kuandika sababu litakuwa halina kazi tena.

Na hata pingamizi likikataliwa, usikate tamaa. Kasoro zile zile hurudi mwishoni kwa jina jingine. Inventori isiyo na saini, kielelezo kilichokaa wiki mbili bila mtu kujua kilikuwa wapi, mashahidi wawili wanaotaja vyumba viwili tofauti: yote hayo huzaa shaka, na shaka ya maana ni ya mshtakiwa.

Ujue pia kwamba ibara hii hukata pande zote. Mwaka 2023, katika kesi ya reli ya kisasa ya SGR iliyofikishwa mahakamani na mwanaharakati Okiya Omtatah na wenzake, Mahakama ya Juu ilikataa hati za serikali zilizopatikana bila kufuata sheria, ingawa zililetwa kwa madai ya kulinda mali ya umma. Kwa hiyo usiibe faili kituoni ukidhani unaitafutia kesi yako ushahidi. Omba kwa barua, na ukinyimwa, omba amri ya mahakama.

Hatua ya tisa: baada ya hapo

Malalamiko dhidi ya askari hupelekwa IPOA, mamlaka huru ya kusimamia utendaji wa polisi iliyoundwa kwa sheria ya 2011. Peleka nambari ya OB, picha na majina. Ukitaka mahakama itamke kwamba haki yako ilivunjwa na uamuriwe fidia, njia ni ombi chini ya Ibara ya 22 katika Mahakama Kuu; Katiba inasema hakuna ada ya kulifungua, na mahakama inaweza kupokea hata maandishi yasiyo rasmi. Lakini kama unadai fidia ya kawaida ya uharibifu, mlango uliovunjwa kwa mfano, sheria inakupa miezi 12 tu kuishtaki serikali. Watu wengi hufika kwangu mwezi wa kumi na nne.

Mali isiyotumika tena kwenye kesi unaweza kuiomba mahakamani irudishwe. Nenda na inventori, risiti ya dukani kama ipo, na nambari ile ya chini ya mashine. Laptopu ya ndugu yangu ilikuwa na nambari hiyo, kwenye kibandiko cheupe kilichochakaa kona moja. Hatukuwahi kuinakili. Siku hizi nambari za vitu vyote vya nyumba yetu ziko ukurasa wa kwanza wa daftari lile.